Chagueni msumari kwanza, bunduki baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wenye hoteli na nyumba za ufukweni, na makontrakta, na mafundi wenzangu hasa vijana ambao saivi kila mmoja anataka kumiliki bunduki ya misumari, ile mashine ya kupigilia misumari badala ya nyundo. Mi ni seremala, kazi yangu kubwa ni deki za mbao, yaani zile sakafu za nje zinazozunguka bwawa la kuogelea, vibaraza vya vyumba vya hoteli, ngazi za kushukia mchangani, nimezijenga Kigamboni, Bagamoyo, Pangani na visiwani pia, na swali ninaloulizwa kuliko yote siku hizi ni "fundi, nikanunue bunduki gani?" Kiukweli swali hilo linaanzia mwisho. Uliza kwanza msumari. Bunduki isipokufaa utaiuza kesho ununue nyingine, lakini msumari ukishaingia kwenye mbao ndo umeingia, utakaa humo na chumvi miaka yote na watu watapita juu yake pekupeku, wakiwemo watoto.

Sababu ya kuandika ni kwamba deki nyingi ninazoitwa kuzirekebisha ukizifungua unakuta mbao bado nzima kabisa, mninga mzuri, mkongo mzuri, hata paini ya Sao Hill iliyotiwa dawa bado iko imara, ila kilichooza ni chuma kilichokuwa kinazishika. Msumari umebaki mwembamba kama sindano, kichwa kimekatika, ukiinua ubao kwa mkono unakuja wenyewe. Na mwenye mali analalamika mbao za fundi zilikuwa mbovu! Mbao hazina kosa hapo. Aliyenunua misumari ya bei ndogo kwa sababu kwenye BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama za kazi, iliandikwa "misumari" tu, mstari mmoja, bila aina wala saizi, huyo ndo wa kuulizwa.

Sasa nielezee aina zake maana watu wengi wanaona msumari wote unaong'aa ni wa galvanaizi, yaani uliovikwa zinki, basi mambo yamekwisha. Hapana. Kuna galvanaizi ya umeme, hii ndo inang'aa vizuri kama kioo, ile zinki yake ni maikroni chache tu (maikroni 1,000 ndo milimita moja), ndani ya nyumba haina shida lakini nje ufukweni inaliwa haraka sana, upepo wa kusi ukishavuma msimu mmoja unaanza kuona machozi ya kutu yanashuka kwenye mbao. Halafu kuna ile ya kuchovywa kwenye zinki ya moto, hii haing'ai, ni ya kijivu iliyofifia na ukiipapasa ina vinundu vinundu, zinki yake inafika karibu maikroni 40 na kuendelea. Kwa hiyo ukiwa dukani eneo la Gerezani hapa Dar usichague kwa kung'aa, ule unaokuvutia macho mara nyingi ndo dhaifu. Baada ya hapo ndo inakuja stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, na hapa napo watu wanapigwa sana kwa sababu stenlesi si moja. Ya 304, ambayo kwenye pakiti za Ulaya inaandikwa A2, ni nzuri bara, Morogoro au Dodoma utaishi nayo vizuri, lakini mbele ya bahari inaanza kupata madoa ya rangi ya chai. Ya 316, yaani A4, imeongezewa madini ya molibdeni asilimia 2 mpaka 3 na hayo ndo yanaisaidia kupambana na chumvi. Kwenye kichwa cha bolti utaona imegongwa A4-70 au A4-80, angalieni hiyo alama jamani, ipo, si lazima uwe injinia kuisoma.

Na kuna skrubu zinauzwa kwa jina la stenlesi ambazo sumaku inazinasa kabisa, hizo mara nyingi ni za 410, ngumu, zinatoboa vizuri, fundi anazipenda kwa sababu hazikatiki ovyo, ila kwa bahari hazifai zinapata kutu. Kwa hiyo nenda dukani na kipande cha sumaku mfukoni. Ikinasa kwa nguvu rudisha. Isiponasa au ikinasa kidogo sana, bado hujajua kama ni A2 au A4 kwa sababu zote mbili sumaku haizitambui, hapo lazima usome pakiti, na kama pakiti haina maandishi mi sinunui kwa ajili ya deki ya ufukweni hata kama muuzaji ni rafiki yangu.

Jambo lingine ambalo halisemwi ni dawa ya mbao yenyewe. Mbao ya paini inayotiwa dawa ile ya kijani ina shaba ndani yake, na shaba ikikutana na chuma kitupu kwenye unyevu inakila chuma. Marekani waliacha kutumia dawa ya CCA (yenye shaba, kromu na aseniki) kwenye mbao za nyumba za kuishi mwishoni mwa 2003 kwa sababu ya sumu ya aseniki, wakaingiza dawa nyingine zenye shaba nyingi zaidi, wakakuta misumari na hanga za zamani (vile vishikio vya chuma vinavyobeba boriti) zinakwisha mapema mno, ndo viwanda vikaanza kusisitiza galvanaizi ya moto au stenlesi kwa kila mbao yenye dawa. Sisi huku tukichukua mbao ya dawa kutoka Mafinga tukaipiga msumari mweusi wa kawaida tukaiweka mita 20 kutoka baharini, tumeuwekea msumari maadui wawili kwa mpigo. Na mbao ngumu nazo zina mambo yake, mninga na mkongo na mvule zina tanini na mafuta, chuma cha kawaida ndani yake kinaacha doa jeusi linalosambaa kuzunguka kila kichwa cha msumari na doa hilo halitoki kwa msasa. (Hata vumbi la grinda, mtu akikata nondo jirani na deki yako mpya zile cheche zikadondoka juu, kesho asubuhi mvua ikinyesha utaona deki imejaa vidoti vya kutu. Wafukuzeni watu wa grinda.)

Tuje kwenye bunduki. Bunduki ya misumari ya fremu ziko za hewa zinazotumia kompresa, ziko za betri, na ziko za gesi. Ya hewa ndo nafuu kwa muda mrefu na ni nyepesi mkononi, shida yake unaburuta mpira na kompresa inataka umeme wa kueleweka, ukiwa kisiwani na jenereta ndogo kompresa inaanza kukohoa na presha ikishuka chini ya kiwango msumari unaishia nusu. Nyingi zinataka presha kati ya psi 70 na 120 (psi ni kipimo cha presha ya hewa), soma kwenye mwili wa bunduki, usikisie. Ya betri huna mpira, kwenye ngazi au juu ya maji ni raha, ila ni nzito, na ukishika kutwa nzima bega linakuambia. Ya gesi inafanya kazi vizuri lakini mkebe wa gesi ukiisha ukiwa kisiwani Mafia utaupata wapi?

Lakini kikubwa zaidi ya hayo ni pembe ya magazini, ile sehemu ya bunduki inayobeba misumari, na hapa ndo vijana wanapotupa hela. Bunduki ya digrii 21 inakula misumari iliyoshikwa kwa plastiki, yenye kichwa cha duara kamili. Ya digrii 30 mpaka 34 inakula iliyoshikwa kwa karatasi. Ya koili inakula misumari iliyosokotwa kwa waya kama gurudumu na inabeba mingi sana kwa mara moja. Haziingiliani. Mtu ananunua bunduki nzuri ya jina kubwa kwa sababu ilikuwa ofa, anafika saiti anagundua misumari ya pembe yake ya galvanaizi ya moto haipo mjini hapa wala ya stenlesi haipo, iliyopo ni ile ya kung'aa, basi anapiga hiyo hiyo kwa sababu bunduki ishanunuliwa. Ndo maana nasema anza na msumari: zunguka maduka, jua ni msumari gani wa stenlesi au wa kuchovya unaopatikana na utaendelea kupatikana, halafu nenda kanunue bunduki inayoula huo. Na uwe ule wenye pete pete mwilini, si mlaini. Mbao ya paini inakuja na maji mengi kutoka kwenye dawa, ikikauka inasinyaa, msumari mlaini unalegea na kichwa kinachomoza juu, mgeni anajikata kidole. Wenye pete unashika, kuutoa mpaka uvunje mbao.

Sasa swali, bunduki ipige wapi na isipige wapi. Kwa maoni yangu bunduki ni ya fremu ya chini. Kushikisha boriti, kuweka vipande vya kati, kubana fremu ikae mraba, hapo inakuokolea muda mwingi sana na sina ugomvi nayo. Mbao za juu, zile zinazokanyagwa, ni skrubu. Najua skrubu ni kazi. Tupige hesabu ya deki ndogo tu ya mita 5 kwa 4: mbao za upana wa milimita 140 na nafasi ya milimita 5 kati yake zinakuja 28, boriti za chini kila milimita 400 zinakuja 14, kila zinapokutana skrubu mbili, jumla 784. Ukiweka na za kupotea nunua 850. Nakubali hiyo ni siku nzima ya kuinama wakati kwa bunduki ungemaliza kabla ya chai ya saa nne, lakini ubao mmoja ukipasuka mwakani utafungua skrubu uubadilishe kwa dakika chache, wa msumari utaung'oa kwa mtaimbo na kuharibu wa jirani. Ubao wa inchi moja chukua skrubu ya inchi 2 na nusu, wa inchi moja na nusu chukua inchi 3.

Kwa mbao ngumu, mkongo hasa, bunduki ndo usiifikirie kabisa kwa mbao za juu. Msumari unapinda ndani au unapasua ncha ya ubao, na ubao wenyewe bei yake mnaijua. Toboa kwanza kwa drili. Mafundi wa majahazi kule Nungwi mpaka leo hawagongi msumari kwenye ubao wa jahazi bila kuutobolea njia kwanza, wazee walitoboa kwa kekee, sasa wengi wana drili, na wao kazi yao inalala ndani ya bahari yenyewe. Skrubu ya A4 ni laini kuliko skrubu ya chuma kilichokazwa kwa moto, ukiilazimisha kwenye mkongo bila tundu inakatika shingo, kwa hiyo toboa, punguza spidi ya drili, paka sabuni ya mche kidogo kwenye nyuzi, itaingia bila kelele.

Hanga za chuma zinazobeba boriti nazo zina msumari wake. Wengi wanapiga msumari wowote wa bunduki kwenye tundu la hanga, au hata pembeni ya tundu. Hanga nyingi zimepimwa kwa msumari mnene wa karibu milimita 3.8, wakati msumari wa kawaida wa bunduki ya fremu una milimita 3.1 au 3.3, macho hayaoni tofauti ila uzito unaiona. Kuna bunduki maalumu za hanga ambazo ncha ya msumari inatokeza nje uilenge kwenye tundu, kama huna piga kwa nyundo, hakuna aibu. Na usichanganye skrubu ya stenlesi na hanga ya galvanaizi ufukweni, chuma hizo mbili zikilowa chumvi moja inaila nyingine na inayoliwa ni hanga.

Sehemu ambayo naomba kila mtu aisome mara mbili ni pale deki inaposhikana na ukuta wa nyumba. Ule ubao wa ukutani unaobeba nusu ya uzito wa deki usiushike kwa misumari, iwe ya bunduki iwe ya nyundo. Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi za Marekani zinakataza waziwazi kutegemea misumari inayoweza kuchomoka hapo, wanataka bolti au skrubu nene za kubeba mzigo, na wana sababu. Tarehe 29 Juni 2003 huko Chicago vibaraza vya mbao vya nyumba ya ghorofa viliporomoka sherehe ikiwa inaendelea, watu 13 wakafa, na uchunguzi wa mji ulikuta ujenzi wenyewe haukufuata kanuni juu ya kwamba watu walikuwa wengi. Tarehe 16 Juni 2015 Berkeley, California, balkoni ikakatika, vijana 6 wakafa, pale boriti zilikuwa zimeoza kwa maji yaliyojificha ndani. Huku kwetu deki nyingi ziko chini, futi mbili tatu, ndo maana tunazoea. Lakini siku hizi hoteli zinajenga deki za ghorofa ya kwanza na ya pili, juu ya miamba, arusi zinafanyika pale juu, watu mia wanaruka kwa pamoja muziki ukikolea.

Na ukuta wetu si kama wao, sisi tuna tofali za saruji na nyumba za zamani za mawe ya matumbawe. Bolti ya kutanuka ndani ya jiwe la tumbawe inalipasua, ndani ya tofali la tundu haina cha kushika. Ushauri wangu, kama ukuta huuamini, deki isiegemee ukuta kabisa, iwe na nguzo zake pande zote, isimame yenyewe na iache nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani. Nguzo mbili tatu za ziada si gharama ya kumfanya mtu ahatarishe wageni wake. Kama lazima ushike ukutani basi muite injinia aseme ni bolti gani, na iwe A4, iwe na washa kubwa (ile pete bapa ya chuma chini ya kichwa), na uache maji yapite nyuma ya ubao.

Maji ndo yananirudisha kwenye bunduki kidogo. Kila bunduki ina skrubu au gurudumu la kurekebisha kina. Watu hawaligusi. Presha kubwa kwenye paini laini na msumari unazama milimita tano ndani ya ubao, unaacha kishimo, mvua inakaa humo, kuvu inaanzia humo, na nguvu ya kichwa kushika ubao imepungua. Jaribu kwenye kipande cha kutupa kwanza, kichwa kilale sawa na ubao, basi. Fanya hivyo kila unapobadilisha aina ya mbao.

Usalama sasa. Hii ni silaha, tusifichane. Marekani kwa miaka ya 2001 mpaka 2005 watu wapatao 37,000 kwa mwaka walikuwa wanafikishwa hospitali kitengo cha dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari. Sababu kubwa mojawapo ni triga, kile kitufe unachobana kwa kidole. Kuna triga ya mfululizo wa kugusa, ambayo ukishaibana kidole, kila ncha inapogusa kitu inapiga, iwe mbao, iwe goti lako, iwe mkono wa mwenzako anayekushikia ubao. Na kuna triga ya hatua kwa hatua, lazima kwanza ugandamize ncha halafu ndo ubane triga, kwa kila msumari. Ya kwanza ina haraka zaidi na hatari yake ya kuumiza imeonekana kuwa kama mara mbili. Bunduki nyingi zina swichi ya kuchagua au unaweza kununua triga nyingine ukabadilisha. Kwa deki weka hatua kwa hatua, sioni sababu ya kingine. Nimeshuhudia kwenye saiti moja kijana msaidizi akipigwa msumari kwenye kiganja, bunduki ilimruka fundi mkononi ikagusa mara ya pili, yule kijana hakuwa na glavu wala miwani na hakuna aliyewahi kumfundisha hata neno moja, na kontrakta alichofanya ni kumpa nauli ya daladala kwenda zahanati. Hiyo iliniuma na inaniuma mpaka leo. Miwani ni ya bei ndogo mno. Chomoa mpira wa hewa au toa betri kabla hujafungua msumari uliokwama, mkono wa kushika mbao ukae mbali na ncha angalau futi moja, na usipige kuelekea kwenye kifundo cha mbao, msumari unageuka unatokea pembeni.

Ombi langu la kwanza ni kwa wakadiriaji majenzi na wenye mali. Kwenye BOQ ya deki msiandike "misumari na skrubu, jumla". Andikeni aina, urefu, unene, A4 au galvanaizi ya moto, na idadi. Fundi akija na bei ya chini muulizeni ameweka msumari gani kabla hamjafurahi. Gharama ya skrubu nzuri kwa deki nzima ni sehemu ndogo ukilinganisha na mbao ngumu yenyewe, nashangaa mtu analipia mninga halafu anabana hela kwenye skrubu.

La pili kwa TBS, shirika la viwango, pakiti za misumari na skrubu zinazoingia nchini ziwe na maandishi yanayosomeka ya aina ya chuma na aina ya galvanaizi, na muuzaji anayebandika neno stenlesi kwenye kitu kisicho hicho awajibishwe kama anavyowajibishwa wa nondo zisizofika kipimo. La tatu kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye useremala waongezeni vijana somo la bunduki za misumari na kutu ya pwani, maana wanatoka wanajua kutengeneza kabati vizuri sana lakini bunduki wanajifunzia saiti, kwenye mkono wa mtu. Na wakaguzi wa OSHA, wakala wetu wa usalama na afya kazini, wakipita saiti za hoteli wasiishie kuangalia helmeti, waulize na hiyo triga.

Na kama kuna mwagizaji anayeleta misumari ya koili ya A4 yenye pete, na hanga za stenlesi, kwa idadi ya kueleweka na bila kusubiri meli miezi, naomba atangaze humu humu gazetini. Wateja tupo, tunaagiza mmoja mmoja kwa gharama kubwa kwa sababu hatujui nani anazo.

Ni mimi,
Fundi seremala,
Kigamboni, Dar es Salaam